TOCHI ZILIZOMO KABATINI
Somo kwa kamati za sharika na marafiki wa miradi yetu



Safari hii somo letu linahusu kitu kidogo kuliko vyote tunavyoviandika katika taarifa zetu, nacho ni tochi.

Karibu kila ofisi ya usharika tunayoitembelea ina kabati au sanduku lenye tochi zisizowaka. Zipo za chuma zilizoletwa na wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo. Zipo za plastiki zenye plagi ya kuchomeka ukutani, zilizonunuliwa kwa ajili ya mlinzi. Zipo pia zile fupi zenye LED 9 walizopewa wanafunzi ili wasome usiku bila kibatari. Katika orodha ya mali zote zimeandikwa "mbovu". Kamati inaomba fedha za kununua nyingine, mfadhili anatoa, na baada ya misimu miwili ya mvua sanduku limezidi kujaa.

Ukweli ni kwamba kitu kinachoharibika mara chache kuliko vyote katika tochi hizo ni taa yenyewe. Enzi za globu tulizoea kwamba tochi ikizima, uzi wa globu umekatika. LED haina uzi. Kinachozima tochi nyingi ni kutu, swichi, springi iliyolegea au betri, na vyote hivyo hutengenezeka kijijini. Hivyo basi, kabla ya kuandika maombi mapya, tunaiomba kila kamati imwage sanduku hilo mezani na kukaa nalo saa mbili, pamoja na kijana mmoja anayejua kutengeneza redio au simu. Somo hili ni kwa ajili ya saa hizo mbili.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: maltimita (ile mita ndogo ya fundi yenye waya mwekundu na mweusi), spiriti, kitambaa safi, kifutio cha penseli, limau au siki, mkasi wenye ncha kali, na kifaa cha kulehemu.

Umeme unavyopita

LED ni kipande kidogo sana kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Ile ya mwanga mweupe kwa kweli hutoa mwanga wa bluu, na juu yake hupakwa unga wa manjano unaougeuza uonekane mweupe. Teknolojia hiyo iliwezekana baada ya Shuji Nakamura, aliyekuwa kampuni ya Nichia huko Japani, kupata LED ya bluu yenye nguvu mwaka 1993. Mwaka 2014 yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo.

LED nyeupe huhitaji volti 3 hivi. Ikipata chini ya hapo huwaka kidogo au haiwaki kabisa. Ikizidishiwa hata nusu volti, umeme unaopita huongezeka mara nyingi, LED hupata moto, mwanga wake hugeuka bluu kali, kisha hufa. Kwa sababu hiyo tochi nzuri huwa na kibao kidogo cha kudhibiti umeme kati ya betri na LED. Tochi za bei ya chini hazina kibao hicho. Hutegemea unyonge wa betri zake, na jambo hilo tutalirudia, maana ndilo linalowaponza mafundi wengi.

Katika tochi ya chuma, bomba lenyewe ni sehemu ya njia ya umeme. Umeme hutoka kichwa cha betri, hupita kwenye kibao na LED, hurudi kupitia bomba hadi kifuniko cha nyuma, hupita kwenye swichi na springi, na kuishia kitako cha betri. Mahali popote njia hiyo ikikatika, tochi huzima. Kutafuta ugonjwa ni kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua, kama tunavyofuata bomba la maji kutafuta panapovuja.

Kutafuta ugonjwa

Anza na betri, na usiiamini kwa macho. Ipime. Betri kavu ya volti 1.5 ikisoma chini ya 1.2 imekaribia kwisha. Betri ya lithiamu ya duara, ile iitwayo 18650 kwa kuwa ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, husoma volti 4.2 ikiwa imejaa. Ikifika 3.0 inahitaji kuchajiwa. Ikisoma chini ya 2 isichajiwe tena, hata kama fundi anasema anaweza "kuishtua", kwa sababu betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto ikiwa kwenye chaja.

Betri ikiwa nzima, fungua kifuniko cha nyuma na uache betri ndani ya bomba. Chukua kipande cha waya. Ncha moja iguse kitako cha betri, ncha nyingine iguse ukingo wa bomba pale penye chuma kitupu kisicho na rangi. Gusa kwa muda mfupi tu. Kama tochi imewaka, basi LED ni nzima, kibao ni kizima, na ugonjwa uko nyuma, kwenye kifuniko au swichi. Isipowaka, ugonjwa uko kichwani. Jaribio hili huchukua dakika moja nalo huokoa tochi nyingi kuliko fundi yeyote tunayemfahamu.

Ugonjwa ukiwa nyuma, angalia kwanza uchafu. Rangi ngumu iliyopakwa kwenye alumini haipitishi umeme. Umeme hupita kwenye ule ukingo mtupu tu, na ukingo huo ukishika jasho, vumbi na ukungu, tochi huanza kupepesa, halafu huzima. Futa ukingo kwa spiriti, kisha usugue kwa kifutio cha penseli mpaka ung'ae. Usitumie msasa mkali. Baada ya hapo tazama ndani ya kifuniko. Utaona pete ya chuma yenye matundu au mikato miwili, nayo ndiyo inayobana swichi. Mara nyingi imelegea kwa kutikisika ndani ya mfuko wa pikipiki. Ingiza ncha za mkasi katika mikato hiyo na uikaze. Tumeona tochi zilizotangazwa kuwa zimekufa zikiwaka kwa robo mzunguko wa pete hiyo.

Kama kuna unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri kavu zilivuja. Unga wa betri za alkalini huondolewa kwa maji ya limau au siki na mswaki mzee, kisha sehemu hiyo hufutwa na kukaushwa vizuri. Vaa glavu, au walau mfuko wa plastiki mkononi, na usishike macho. Springi iliyoliwa ibadilishwe. Springi ya tochi nyingine iliyokufa hutosha, na ndiyo sababu hatutupi maiti ya tochi hata moja kabla ya kuivua vipuri.

Ugonjwa ukiwa kichwani, ijaribu LED peke yake. Funga pamoja betri 2 mpya za volti 1.5, upate volti 3, na uguse pande mbili za LED kwa nyaya. Kama haijawaka, geuza nyaya. Ikitoa mwanga hata hafifu, LED iko hai, na tatizo ni waya ulioachia au kibao. Waya ulioachia hulehemiwa kwa dakika chache. Ukiwa hapo, chunguza pia kama kibati kilichobeba LED kimekaa bapa juu ya chuma cha tochi. LED hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na joto hilo lisipopata njia ya kutokea, LED hujipika yenyewe. Kibati kilichoning'inia hewani kipakwe ile krimu ya kupitisha joto wanayotumia mafundi wa kompyuta, kisha kikazwe.

Tochi zenye plagi ya ukutani

Hapa tunaomba usikivu wa kamati zote. Tochi nyingi za plastiki zenye plagi inayojitokeza mwilini huwa na betri ya risasi na asidi ya volti 4. Kinachopunguza umeme wa volti 230 wa ukutani ili kuichaji ni kapasita moja na vipande vichache vingine tu. Hakuna transfoma inayotenganisha. Maana yake, tochi hiyo ikiwa imefunguliwa na imechomekwa ukutani, kila waya ulio ndani unaweza kuua mtu. Isifunguliwe kamwe ikiwa imechomekwa. Hata baada ya kuchomoa, iache ikae kwanza, maana kapasita huweza kubaki na umeme.

Ugonjwa wa tochi hizi ni mmoja karibu nyakati zote: zimekaa miezi bila kuchajiwa. Betri ya risasi ikiachwa tupu huganda ndani na haipokei chaji tena. Ikiwa nzima na imejaa husoma volti 4.2 hivi baada ya kupumzika. Dawa ya kuzuia ni kuichaji kila mwezi, itumike isitumike. Dawa ya kuponya ni betri nyingine ya risasi ya volti 4.

Sasa lipo jambo linalofanywa na vijana wenye akili nyingi na nia njema. Wanaona betri ya risasi imekufa, wanachukua betri ya lithiamu kutoka kompyuta mpakato ya zamani, wanaiweka mahali pake kwa kuwa volti zinakaribiana, na tochi inawaka vizuri sana. Lakini chaja ile ya ukutani haijui kusimama. Betri ya lithiamu lazima isimamishwe kwenye volti 4.2. Ikiendelea kusukumiwa umeme huvimba, hutoa moshi na huwaka moto usioweza kuzimwa kirahisi, na mara nyingi hali hiyo hutokea usiku, tochi ikiwa imeachwa kwenye chaji karibu na kitanda au mafaili ya usharika. Tunaomba marekebisho hayo yakatazwe katika vituo vyetu vyote. Anayetaka kutumia lithiamu aikate plagi na kapasita zote, aziondoe, na aweke kibao kidogo cha kuchajia chenye chipu ya TP4056 kinachotumia chaja ya simu ya volti 5. Kibao hicho husimama chenyewe kwenye 4.2, na kinauzwa katika maduka ya vipuri vya elektroniki mijini. Chagua kile chenye ulinzi wa betri pia.

Kupunguza badala ya kuongeza

Wapo watu huko Ulaya, Marekani na China ambao kwao tochi ni mapenzi kama mpira wa miguu. Hununua tochi za alumini, kwa mfano Convoy S2+ inayotumia betri moja ya 18650, huzifungua, hubadilisha LED, hulehemu waya wa shaba juu ya springi ili umeme upite bila kizuizi, na kushindana nani ana mwanga mkali zaidi. Baadhi ya tochi tulizoletewa kama zawadi zimetokana na mapenzi hayo. Ni tochi nzuri, na tunashukuru. Hata hivyo mlinzi wa shule hahitaji mwanga wa kuona ng'ambo ya bonde. Anahitaji mwanga utakaodumu hadi alfajiri.

Hesabu yake ni nyepesi. Tochi nyingi za aina hiyo huwa na chipu ndogo zinazoitwa AMC7135, na kila moja hupitisha miliampea 350. Zikiwa 8, jumla ni miliampea 2,800. Betri ya miliampea 2,800 kwa saa itakwisha kwa saa moja hivi, na mkono utaungua. Fundi akiziondoa 6 na kubakiza 2, umeme unakuwa miliampea 700, na betri ile ile inakwenda saa 4. Je, mwanga unapungua mara 4? Kwa kipimo unapungua, ingawa si kwa kiasi hicho, kwa kuwa LED isiyolemewa hufanya kazi kwa ufanisi zaidi. Na kwa macho tofauti ni ndogo kuliko kipimo, maana jicho la mwanadamu usiku hujirekebisha. Wapenzi wa tochi huongeza chipu, sisi tunaziondoa, kwa elimu ile ile. Kama tochi ina ngazi za mwanga, hata kufungua hakuna haja. Mfundishe mlinzi kutumia ngazi ya chini.

Tochi za wanafunzi zenye LED 9 zina hadithi yake. Zilitengenezwa kwa betri 3 nyembamba za rimoti, ambazo familia nyingi haziwezi kuzinunua kila wiki. Vijana huunganisha betri ya simu ya zamani, kwa mfano BL-5C ya volti 3.7, na wazo hilo tunaliunga mkono. Tatizo ni kwamba betri hiyo si nyonge kama zile tatu, na LED zikiunganishwa nayo moja kwa moja hugeuka bluu na kufa moja moja. Inatakiwa rezista, yaani kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi. Betri ikijaa ina volti 4.2 na LED zinataka 3.2, hivyo inabaki volti 1.0 ya kupunguza. LED 9 kwa miliampea 20 kila moja ni miliampea 180. Gawanya 1.0 kwa 0.18, unapata omu 5.6, na rezista ya omu 5.6 ipo madukani. Chukua ya nusu wati ili isipate moto. BL-5C mpya ina miliampea 1,020 kwa saa, hivyo mwanafunzi atapata saa 5 na zaidi, za kutosha kusoma siku mbili. Ukitumia kibao cha TP4056 kuichaji, badilisha pia rezista yake ya omu 1,200 uweke ya omu 3,000. Chaji itashuka kutoka ampea 1 hadi miliampea 400, kiasi kinachoifaa betri ndogo.

Mwanga wa chumba cha uzazi

Tumeacha kwa makusudi jambo lililo zito kuliko yote lije hapa. Mkunga anapompokea mtoto usiku kwa mwanga wa tochi, haangalii tu kama mtoto yupo. Anaangalia rangi: midomo ni ya bluu au ya waridi, ngozi na macho vina manjano, damu ya mama ni ya kiasi gani na inatoka wapi. LED za bei ya chini hutoa mwanga mkali wa ubaridi wenye upungufu wa rangi nyekundu. Chini ya mwanga huo damu huonekana kama matope na kila uso huonekana umepauka.

Zipo LED zilizotengenezwa ili kuonyesha rangi kama zilivyo. Kipimo chake huandikwa CRI, na mwanga wa jua una 100. Tochi za kawaida zina 70 hivi, wakati LED kama Nichia 219B hupita 90. Kwa fundi ni kazi ya kulehemu nyaya mbili na kukaza kibati, maana ni ile ile ya kubadilisha LED nyingine yoyote ya volti 3 yenye kibati cha upana uleule. Mwanga hupungua kidogo, lakini rangi hurudi. Kama zahanati ya usharika wako ina tochi moja tu ya kutengenezwa mwaka huu, iwe hiyo. Na iwe ya kuvaa kichwani ikiwezekana, ili mkunga abaki na mikono yote miwili.

Kwa wanaotuma na wanaonunua

Kwa marafiki zetu wa ng'ambo tuna ombi. Badala ya tochi kumi za aina kumi, tuleteeni chache za aina moja, ili springi na swichi ya moja iifae nyingine. Ziwe za betri ya 18650 inayotoka, zisiwe zilizofungwa kwa gundi. Hali kadhalika msivutwe na betri zilizoandikwa miliampea 9,900. Betri za ukubwa huo zilizo za kweli huwa kati ya 2,000 na 3,500 au zaidi kidogo, na namba ya 9,900 ni uongo wa karatasi. Betri zisafirishwe kila moja ndani ya kiboksi chake cha plastiki, kwa kuwa mwili wote wa betri hiyo ni upande hasi hadi karibu na kichwa. Karatasi ya juu ikichanika, au betri ikikutana na funguo mfukoni, njia fupi ya umeme hutokea na moto hufuata.

Kwa kamati, fungueni kifungu kidogo katika bajeti kiitwacho matengenezo ya taa. Wafadhili tuliozungumza nao hawakikatai. Wanachouliza ni orodha: tochi ngapi zilifunguliwa, ngapi zilipona, na ugonjwa ulikuwa nini. Iandikeni siku hiyo hiyo, mezani, kabla hamjaondoka.

Betri za lithiamu zilizokufa, zilizovimba au zilizopigwa zisitupwe chooni wala kuchomwa na takataka. Bandikeni gundi ya karatasi kwenye ncha zake, ziwekeni katika mkebe wenye mchanga mkavu nje ya ofisi, na mzikabidhi kwa dereva wa dayosisi anapopita. Vipuri tutaviagiza kwa pamoja, maana swichi moja moja ina gharama kubwa ya usafiri kuliko bei yake. Kwa hiyo pamoja na orodha yenu tuleteeni swichi moja mbovu ya kila aina kama sampuli, ikiwa ndani ya bahasha yenye jina la usharika.